Maisha ya Loisi Kadzo binti Ndune, Aliyeyapaka Mawe Mafuta

Loisi Kadzo binti Ndune, mke wa Joab Kingi mwashi, alifariki jana, Jumanne tarehe 6 Juni 1916, saa nne za asubuhi, chumbani kwake Mji wa Kale. Anazikwa leo. Kaburi lake limechimbwa pale alipoonyesha Mzee Kadenge, mzee wa kanisa letu, nyuma ya ua wa miti ya mnyaa. Mzee amesema huku ni nje ya makaburi ya kanisa, na ndiko wanakolazwa waliotengwa na meza ya Bwana. Loisi alitengwa miaka saba. Basi anayejiuliza mbona tumesimama kwenye nyasi, jibu ni hilo, na sababu yake itasomwa mpaka mwisho. Mwenye haraka aende.

Kila jambo litakalosomwa hapa, litasemwa nani aliliona. Marehemu angetaka hivyo.

Alizaliwa Rabai. Siku haikuandikwa. Mamake alisema ilikuwa wakati wa kupalilia, na mamake alikuwepo. Kitabu cha ubatizo kinasema alibatizwa Jumapili tarehe 9 Oktoba 1859, akiwa bado hajaota meno. Babake, Ndune, alikuwa mkulima na mgema. Loisi alikuwa wa tatu katika watoto watano.

Alisoma shule ya misheni hapo Rabai, mwaka 1867 mpaka 1872. Alijifunza kusoma, kuandika na kushona. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akampa kazi ya kunakili nyimbo za kanisa. Babake hakupendezwa. Alimwambia, "Wewe ni msichana. Utamwandikia nani?"

"Nitawaandikia wasiojua, baba."

Akaja kuolewa na mmoja wao.

Joab Kingi alifika Rabai mwaka 1879 kujenga ukuta wa nyumba ya mwalimu. Loisi aliwaletea waashi maji. Akaweka mtungi chini, akautazama ukuta, akasema, "Fundi, ukuta wako umelala." Waashi wenzake walicheka siku nzima. Walipokwisha kwenda zao, Joab alishusha timazi. Ukuta ulikuwa umelala. Akabomoa safu mbili, akajenga upya, hakumwambia mtu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1880. Walipata watoto watatu. Wawili waliondoka wadogo, wamelala Rabai. Aliyebaki ni Eunike.

Mwaka 1896 walihamia kisiwani Mombasa, maana majumba yalikuwa yakijengwa na waashi walitakiwa. Wakapanga chumba cha chini katika nyumba ya Mwanaesha binti Akil, Mji wa Kale, na hawakutoka tena. Mwanaesha ni Mwislamu. Leo yuko hapa, na amesimama karibu na kichwa cha kaburi kuliko wengi waliobatizwa.

Tarehe 3 Februari 1902 Loisi aliajiriwa na Bwana Ostertag, Mjerumani aliyekuwa mnunuzi wa mbata. Biashara alikuwa ameiacha, anakaa ghorofani mtaa wa Ndia Kuu na vitabu vyake. Kazi yake ilikuwa moja. Warumi wa kale, kabla hawajamjua Kristo, walikuwa na mungu wa mawe ya mpaka, jina lake Terminus. Bwana Ostertag alitaka kukusanya kila neno lililoandikwa juu ya mungu huyo katika vitabu vyote vya kale, kila neno kwenye kijikaratasi chake. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika. Alitaka mtu wa kunakili na kupanga. Loisi hakujua lugha ya Warumi, lakini alijua herufi, na herufi ni zile zile. Alinakili. Maana yake Bwana alimweleza kwa Kiswahili.

Alikwenda Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa alifua nguo uani. Siku hiyo ya Ijumaa na ishikwe, itarudi.

Jioni alikuwa akitusimulia habari za kazi. Jioni moja alikuwa akichambua mchele, na Mwanaesha amekaa mlangoni.

"Mfalme akataka kujenga hekalu kubwa kilimani," Loisi akasema. "Miungu yote iliyokuwa pale ikaombwa ipishe, ikapisha. Huyu wa jiwe akakataa. Basi hekalu wakalijenga na yeye humo humo ndani, wakaacha tundu kwenye paa, aione mbingu."

"Kama mimi na nyumba hii," Mwanaesha akasema. "Mjomba wangu yuwataka nimpishe, mwaka wa tano huu. Nitamwambia atoboe paa."

Mumewe akauliza kama Warumi waliyaamini hayo.

"Vitabu vyasema waliamini."

"Na wewe?"

"Mimi nanakili."

Hayo mumewe aliyasikia kwa masikio yake. Na hakuwahi, katika miaka thelathini na mitano ya ndoa, kumwona Loisi akipiga magoti isipokuwa kitandani kwake na kanisani.

Mwaka 1905 alimuuliza Bwana Ostertag swali. Jambo hili mumewe hakuliona. Aliambiwa na Loisi siku ile ile, na baadaye Bwana Ostertag alimweleza vivyo hivyo alipokwenda kumtengenezea ngazi. Vijikaratasi vya habari ya kilima vilikuwa saba, kutoka vitabu saba. Loisi akavitandaza mezani.

"Bwana, katika hawa saba, nani alikuwepo?"

Bwana Ostertag akavua miwani. "Hakuna. Wote walizaliwa miaka mia kadhaa baadaye."

"Basi Bwana una mashahidi saba wa habari. Wa jiwe huna."

Bwana akacheka, kisha akaacha kucheka. Wiki mbili walipangua visanduku vyote, wakavipanga upya: huyu alichukua kwa yule, yule kwa mwingine. Ndipo Bwana alipomfundisha njia ya kujua. Vitabu viwili vikikosea mahali pamoja, kimoja kimechukua kwa kingine, au vyote viwili vimechukua kwa cha tatu. Neno hilo Loisi alilileta nyumbani kama mtu aletavyo kitoweo kizuri. Alikaa nalo.

Mwezi wa Julai 1907 kusi kali iliingia dirishani kwa Bwana Ostertag ikabeba vijikaratasi mia nne, ikavimwaga Ndia Kuu. Mumewe alikuwa juu ya jukwaa nyumba ya pili, aliona. Vingine viliingia dukani, kimoja kiligandia dele, birika la muuza kahawa. Watu wa mtaa wakaviokota. Kwao karatasi iliyoandikwa haiachwi chini ikanyagwe, huenda imetajwa humo jina la Mungu. Mzee mmoja, Sharifu Idarus, alileta chake kwa mikono miwili mpaka chini ya ngazi.

"Mwanangu, hapa pana jina la Mwenyezi Mungu?"

"Hapana, Sharifu. Ni jina la jiwe."

Mzee akafikiri. "Basi nalo jiwe lisikanyagwe," akasema, akampa.

Vilipotea viwili tu.

Ndipo Loisi akamwambia mumewe amchongee mawe ya kukalisha karatasi. Akamchongea kumi na mawili, ya matumbawe, ukubwa wa mkate. Matumbawe yakichongwa hutoa vumbi jeupe kama unga. Vumbi likaanguka kwenye karatasi. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi Loisi aliyapangusa mawe kwa kitambaa na mafuta ya nazi. Vumbi likashikwa. Ni hayo tu. Mwashi yeyote anajua, na mke yeyote wa mwashi.

Mzee Kadenge alihamia kanisa letu mwaka 1906. Mwanzo wa 1909 alikutana na Bwana Ostertag njiani, na Bwana, kama kawaida yake, akamsimamisha juani akamweleza habari za Terminus: jinsi majirani walivyokuwa wakilivisha jiwe la mpaka shada la maua, kila mmoja upande wake, na jinsi mawe yale yalivyokuwa yakipakwa mafuta. Mzee Kadenge alikuwa amekwisha kusikia kwamba mke wa Joab anapaka mawe mafuta. Akaunganisha. Ngazi za Bwana Ostertag hakuwahi kuzipanda. Amesema mwenyewe, mbele ya watu.

Loisi aliitwa mbele ya baraza la kanisa Alhamisi tarehe 18 Machi 1909. Mumewe alikuwepo. Mashahidi walikuwa watatu: Menza mpiga kengele, mkewe Menza, na mwalimu wa kwaya. Wote wako hapa leo. Walisema Loisi kila Ijumaa alfajiri anapiga magoti mbele ya jiwe la Warumi, analimiminia mafuta.

Loisi akaomba kuuliza. Akaanza na Menza.

"Uliniona?"

"Inajulikana."

"Sikuulizi kama inajulikana. Nauliza macho yako, Menza, hayo mawili."

Menza akaitazama kofia yake.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilisikia kwa mtu wa kuaminika," mkewe Menza akasema.

"Ana jina?"

Mama yule akamtupia jicho Mzee Kadenge.

Loisi akamgeukia mwalimu wa kwaya. "Mwalimu, kanzu za kwaya mnazovaa Jumapili anazifua nani?"

"Wewe, Mama Eunike."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Tangu alfajiri mpaka zikauke, niko uani kwa Mwanaesha. Kwa Bwana Ostertag Ijumaa siendi, wala sijapata kwenda. Na nyote watatu mmesema Ijumaa. Mtu mmoja akikosea siku, amesahau. Watatu wakikosea siku ile ile, basi kuna mtu wa nne, na hawa ni midomo yake."

Mzee Kadenge akasema, "Mwanamke huyu ameitwa kuhojiwa au kutuhoji?"

Kisha akamgeukia mumewe. "Fundi, mawe ni ya nani?"

"Ni yangu," mumewe akasema.

Maneno mawili. Siku nzima ile hakusema jingine. Angeweza kusema habari ya vumbi. Aliona ni jambo dogo, kila mtu analijua, na ya kwamba mkewe alikuwa amekwisha kuwashinda. Alikosea. Anasema leo, na wote waliokuwepo wasikie: jiwe la matumbawe lisipopakwa mafuta hutoa vumbi.

Baraza likamtenga Loisi na meza ya Bwana kwa kuabudu sanamu na kwa kiburi, mpaka atakapokiri.

Jumamosi yake alimwomba Bwana Ostertag aandike mistari miwili kwa baraza, aseme mawe yale ni ya kazi gani. Bwana akasema haingilii magomvi ya wenyeji. Miaka kumi na miwili alikusanya mashahidi wa jiwe. Siku moja ya kuwa shahidi wa mtu ilimshinda. Loisi hakumnunia. Jumatatu alikwenda kazini. Mumewe ndiye aliyemnunia, na ngazi yake ikivunjika tena haitatengenezwa na mkono huu.

Miaka saba Loisi alikaa benchi la nyuma. Meza ikiandaliwa, alitoka nje akasubiri ukutani. Mumewe alikwenda mezani Jumapili mbili, kwa sababu Loisi alimwambia aende. Jumapili ya tatu alikaa naye ukutani. Kanzu za kwaya aliendelea kuzifua. Hilo mwalimu wa kwaya alijua, na alizivaa.

Tarehe 8 Agosti 1914, kwa sababu ya vita, askari walimchukua Bwana Ostertag. Karatasi zake zilitiwa kwenye magunia ya mchele, kumi na moja, zikapelekwa asipopajua mtu. Kitabu chake hakikuandikwa. Loisi aliona magunia yakishuka ngazi. Mawe walikuwa wameyatupa uani. Aliokota moja, akalileta nyumbani ndani ya kanga, akaliweka mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kila Jumatatu alilipangusa mafuta.

Desemba 1915 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo. Aprili hakuweza tena kulala chali. Mwanaesha alikuwa akija kumkalisha, mumewe upande huu, yeye upande ule.

Jumapili tarehe 21 Mei, baada ya ibada, Mzee Kadenge alikuja na karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile. Waliokuwepo ni mumewe na Mwanaesha.

"Mama Eunike, weka jina lako hapa tu," Mzee akasema. "Utalazwa ndani, pamoja na wenzako. Usipoweka, mikono yangu imefungwa. Itakuwa nje ya mpaka."

"Nisomee."

Akamsomea. Ilisema kwamba yeye Loisi Kadzo alilisujudia jiwe la Warumi na anatubu.

"Nani aliona?"

"Mama, sasa si wakati wa mambo hayo. Wewe unakufa."

"Ndio wakati wake."

Kisha akaomba kalamu. Mzee Kadenge akampa upesi, uso umemng'aa. Loisi aliandika polepole, akamrudishia. Mzee akasoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Mumewe hajui kusoma. Akamuuliza mkewe ameandika nini.

"Nimeandika, hayakuonwa na mtu."

Mzee Kadenge aliinuka. Alipofika mlangoni Mwanaesha akamwambia, "Tazama miguu, baba. Hapo pana jiwe, nalo hupakwa mafuta."

Karatasi ile kama iko mfukoni bado, aitoe aisome mwenyewe. Mwandiko ni mzuri.

Jana asubuhi Loisi alikunywa uji vijiko vitatu. Akauliza kama ni Jumatatu. Mumewe akamwambia ni Jumanne. Akasema basi amechelewa jiwe. Mumewe akachukua kitambaa akalipangusa, yeye akitazama. Akasema, "Hapo pembeni," na mumewe akapangusa pembeni. Alipogeuka alikuwa amekwenda.

Adhuhuri Mzee Kadenge alimwita mumewe huku makaburini amwonyeshe mahali. Akasimama kwenye ua wa mnyaa, akahesabu hatua sita kutoka kwenye ua, akachora mstari kwa fimbo. Akasema, "Huu ua ndio mpaka. Tumetoka nje. Naona uchungu, fundi, lakini sheria ni sheria."

Mumewe akasema, "Haya."

Tena maneno hayakutoka. Yanatoka leo.

Kiwanja hiki cha makaburi kilipimwa Novemba 1903. Mzee Kadenge hakuwepo, alikuja miaka mitatu baadaye. Mnyaa haukuwepo, ulipandwa mwaka 1908, na waliopanda walikuta mwamba kule kwenye mpaka, wakaona tabu kuchimba, wakaurudisha ua ndani kwenye udongo laini. Mumewe aliwaona. Hakuna aliyeuliza, na tangu hapo ua umeitwa mpaka, kila mmoja kwa kusikia kwa mwenzake.

Mpaka ni mawe manne. Ni Joab Kingi aliyeyachonga na kuyatia ardhini, moja kila pembe, na kila moja lina alama yake ya patasi, mikato mitatu. Mchanga na nyasi vimeyafunika. Jana saa kumi za alasiri alikuja peke yake. Akahesabu kutoka kwenye ua. Hatua ya kumi na nne akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Jiwe lipo pale pale. Halijasogea. Akalitazama, akalifunika.

Ua mpaka jiwe, hatua kumi na nne. Ua mpaka kaburi, hatua sita. Loisi Kadzo binti Ndune anazikwa ndani ya makaburi ya kanisa, na aliyemchagulia mahali ni Mzee Kadenge. Majembe haya hapa, hayajarudishwa. Anayetaka akafukue. Mumewe atangoja. Habari hii ina shahidi mmoja, na aliona.

Kichwani pake litawekwa lile jiwe la mlangoni. Limekwisha kupakwa.

Ameacha mumewe, Joab Kingi. Binti yake, Eunike. Mkwewe, Jeremia Mwaringa, aliyeandika maneno haya ya Joab na anayeyasoma. Wajukuu wanne, Persis, Ndune, Kadzo na Silasi. Ndugu yake mmoja aliyebaki Rabai, Mbodze binti Ndune. Na Mwanaesha binti Akil, ambaye kwake hatukuwa wapangaji.

Alale salama, hatua nane ndani ya mpaka.